Bustani ya Forodhani na Ufukwe Wetu wa Nyasa

Kuna watu wasemao kwamba mahali pa kujifurahishia ni jambo la anasa, na kwamba nchi ambayo bado ina vijiji visivyo na zahanati haina haki ya kujisumbua na bembea za watoto wala viti vya kukalia kando ya maji. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Mtu afanyaye kazi tangu alfajiri hadi jua kuchwa, awe mpagazi wa bandarini, mvuvi, mwalimu au mkulima wa kahawa, ana haki ya kupumzika kama alivyo na haki ya ujira wake. Asipotengewa mahali pa kupumzika bila malipo, atapumzika kilabuni, ambako hulipa, au hatapumzika kabisa. Wenye fedha hawana shida hiyo. Wao wana hoteli zao, na mara nyingi palipojengwa hoteli nzuri ndipo ulipokuwa ufukwe mzuri.

Twaandika haya kwa sababu jambo hili, ambalo kwa wakazi wa Liparamba na mwambao wote wa Nyasa lilionekana kuwa la mbali, sasa limefika mlangoni. Barabara ya lami ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kilometa 66 hivi, imekwisha kujengwa. Meli ya Mbeya II ilianza safari zake ziwani mwaka 2021. Mwaka 2024 ujenzi wa bandari mpya ya Mbamba Bay ukaanza. Wilaya ya Nyasa yenyewe ni changa, kwani ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 tu. Zamani mtu wa Songea aliyetaka kuliona ziwa alipaswa kuteremka milima ya Umatengo katika tope la masika, akimwomba Mungu gari lisiteleze. Sasa anaweza kuondoka asubuhi, akala usipa mchana, akalala kwake usiku. Ni heri kubwa, nasi twaifurahia. Lakini barabara haichagui abiria. Ile ile imletayo mnunuzi wa samaki humleta pia mtu mwenye mkoba, atafutaye kiwanja cha kwanza kutoka majini.

Kabla hatujafika huko, yafaa tutazame walikopita wenzetu. Katika nchi yetu hakuna mahali panapofaa kutazamwa zaidi kuliko Bustani ya Forodhani, katika Mji Mkongwe wa Unguja. Bustani hiyo ilikarabatiwa ikafanywa mpya, na kazi hiyo ina mengi ya kutufundisha, mema na yenye mashaka.

Jina lenyewe laeleza asili yake. Forodha ni mahali pa kutozea ushuru, na kwa miaka mingi pale pwani, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, hapakuwa na bustani wala mahali pa kupunga upepo. Palikuwa na mabohari, mizigo, makarani na wapagazi. Karibu na Ngome hiyo ndipo ilipoanzia reli ndogo ya kwenda Bububu, iliyojengwa na Wamarekani mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo kabla ya kuwa mahali pa mapumziko Forodhani ilikuwa mahali pa kazi, na jasho la watu wa kazi ndilo lililoinyeshea ardhi ile kwanza. Bandari ilipohamia Malindi katika miaka ya 1920, mabohari yakabomolewa na mahali pakabaki wazi. Mwaka 1936 pakatengenezwa bustani, ili kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, ikaitwa Bustani ya Jubilei. Ilikuwa na banda la bendi, na ilikuwa nzuri. Lakini uzuri wake ulikuwa wa sherehe za wakubwa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jina la Jubilei likatoweka, na wananchi wakaijaza bustani bila kungoja mwaliko. Wauza mishkaki, urojo, pweza, mihogo ya kukaanga na maji ya miwa wakaja na majiko yao ya mkaa na taa zao za karabai. Vijana wakaugeuza ukuta wa bahari kuwa mahali pa kurukia majini wakati wa maji kujaa, na mchezo huo wanao hadi leo. Wazee wakapata viti vya kuzungumzia siasa. Hakuna mhandisi aliyeyapanga hayo. Bustani ya mtawala ilikuwa imekwisha kuwa bustani ya mji kabla mtu yeyote hajazungumza habari za ukarabati.

Lakini mahali panapotumiwa na watu wengi bila mtu wa kupatunza huchakaa, na Forodhani ikachakaa. Majani yalikufa kwa kukanyagwa, maji ya mvua yalituama, taa zilizimika, takataka zikazidi nguvu za wafagiaji, na ukuta wa bahari ukaanza kuliwa na mawimbi. Hili hatulisemi ili kuwalaumu wauza vyakula, kama walivyozoea kufanya baadhi ya waandishi, ambao kila waonapo uchafu humtafuta kwanza mwenye jiko. Jiko halina wajibu wa kuchimba mfereji. Mfereji ni kazi ya manispaa, na manispaa isiyo na fedha huchimba mifereji katika hotuba.

Mwezi wa Januari 2008 kazi ikaanza, kwa makubaliano baina ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na Shirika la Utamaduni la Aga Khan, ambalo kabla ya hapo lilikuwa limekwisha kuliokoa jengo la Zahanati ya Kale lililo pwani hiyo hiyo. Bustani ikafunguliwa tena tarehe 30 Julai 2009. Njia za kupitia zikatengenezwa upya, majani yakapandwa, miti mikubwa ya zamani ikahifadhiwa, taa na mifereji vikawekwa, na watoto wakatengewa mahali pao pa kuchezea. Wauza vyakula hawakufukuzwa moja kwa moja. Walirudishwa, wakapangiwa mahali na kuwekewa masharti ya usafi. Katika miji mingi ya dunia, bustani ya zamani ikisha kupakwa rangi, mtu wa kwanza kukatazwa kuingia ni yule aliyeilinda kwa kuitumia. Forodhani haikufanya hivyo, na kwa jambo hilo waliohusika wanastahili sifa.

Hata hivyo tusifumbe macho. Kutoka Januari 2008 hadi Julai 2009 ni miezi 18. Kwa mhandisi, miezi 18 ni muda wa kawaida wa kazi. Kwa mtu ambaye karo ya wanawe hutoka katika jiko moja la jioni, ni muda mrefu sana. Hesabu ya ukarabati huandikwa saruji, mabomba, miche na mishahara ya mafundi. Kipato ambacho mchuuzi atakikosa wakati mahali pamefungwa hakihesabiwi kuwa gharama ya kazi, ingawa kuna mtu anayekilipa. Sisi twaona kwamba fungu hilo lapaswa kuandikwa katika kila mkataba wa namna hii, sawasawa na bei ya saruji, na lilipwe.

Jambo la pili ni bei. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na watalii wameongezeka. Pale Forodhani, kama mahali pote penye watalii, kuna bei ya mgeni na bei ya mwenyeji. Ubaya waanza pale bei ya mgeni inapoipandisha pole pole bei ya mwenyeji, hata fundi wa seremala atokaye Ng'ambo na wanawe wawili akatazama meza, akahesabu mfukoni, kisha akawanunulia maji ya miwa tu. Hakuna amri iliyomzuia. Mlango wa bustani hauna bawabu. Lakini bei nayo yaweza kuwa bawabu, tena bawabu asiyeweza kushitakiwa.

Na hatua chache kutoka bustanini liko funzo chungu zaidi. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa likionyesha dalili za kuchoka kwa miaka mingi. Mwaka 2012 sehemu ya baraza zake ilianguka. Fedha za ukarabati, zilizotolewa na Oman, zilipopatikana na mafundi wakaingia kazini, sehemu kubwa ya jumba ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Watu husema sana juu ya mnara na saa yake, na juu ya hasara ya historia. Hasara hiyo ni kweli. Lakini sisi, tuandikao kwa ajili ya watu wa kazi, twawataja kwanza wale wawili. Nyufa zikipuuzwa miaka minane, atakayelipa ni yule atakayetumwa kusimama chini ya jengo akiwa na nyundo na mwiko. Kukarabati kwa kuchelewa ni kazi ya hatari, na hatari hiyo haigawanywi sawasawa baina ya anayeamuru na anayepanda jukwaa la ujenzi.

Wenzetu wa Unguja na Pemba wana mfano mwingine, ambao wachache huku bara wameufikiria. Kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo, Unguja, na kile cha Tibirinzi, Pemba, vilitengenezwa upya kwa fedha za Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba michango ya uzeeni ya karani, muuguzi na mwalimu ndiyo iliyonunua bembea. Mjukuu akipanda gari la kuzunguka, babu yake ndiye mmiliki, ingawa tikiti haisemi hivyo. Kuna wanaopinga wakisema mfuko wa pensheni si wa kuchezea. Hoja yao ina uzito: fedha ya uzee ni amana, na mfuko usiorudisha amana ni mwizi hata kama umejenga kitu kizuri. Lakini twauliza, je, ni afadhali amana hiyo ijenge majumba ya kupangishwa kwa matajiri peke yake? Ikiwa hesabu zaonyeshwa wazi kila mwaka, na kiingilio hakimshindi mwenye mshahara wa chini, hatuoni aibu ya fedha ya wafanyakazi kuwafurahisha watoto wa wafanyakazi. Aibu ingekuwa mchangiaji asimame nje ya ua wa kiwanja chake mwenyewe.

Sasa tuvuke mpaka kidogo. Nairobi kuna Uhuru Park, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969, yenye ziwa dogo la kuchimbwa ambamo watu wa mji hupanda mashua siku za mapumziko. Mwaka 1989 kukatokea mpango wa kujenga ndani ya bustani hiyo jumba la ghorofa 60. Na la nani? La gazeti la chama kilichokuwa kikitawala, KANU, pamoja na washirika wake wa kigeni. Gazeti la chama lilitaka kusimama juu ya majani ya wananchi! Profesa Wangari Maathai, kiongozi wa harakati za Green Belt, akaandika barua kwa wakubwa wa Kenya na kwa wakopeshaji wa nje, akauliza kama London au New York zingekubali jumba kama hilo katikati ya bustani zao. Alitukanwa bungeni. Alidhihakiwa kwa kuwa ni mwanamke. Mwishowe wakopeshaji wakajitoa, na mpango ukafa. Mwaka 2004 mama huyo akapewa Nishani ya Nobel ya Amani. Sisi tuandikao katika gazeti la chama hatuna budi kuikumbuka habari hii kuliko wengine, maana ni rahisi mno kwa chama kudhani kwamba, kwa kuwa kinasema kwa niaba ya umma, basi kila kilicho cha umma ni chake.

Bustani ile ile ilifungwa mwaka 2021 ili ikarabatiwe, ikakaa imefungwa muda mrefu. Watu wa Nairobi waliokuwa wakilala mchana chini ya miti yake, wakingoja kazi za jua kali, walijifunza kwamba ukarabati nao ni namna ya kufungiwa nje, ikiwa hakuna tarehe ya kufungua ambayo mkubwa atadaiwa.

Dar es Salaam nako kuna jambo kama hilo, tena la mtoni. Bonde la Msimbazi, pamoja na viwanja vya Jangwani, ni mahali penye historia. Hapo ndipo TANU ilipofanya mikutano yake mikubwa katika miaka ya 1950, wakati ambapo mkusanyiko wa Waafrika ulihitaji kibali na nafasi, na nafasi yenyewe ilikuwa haba. Mtu asidhani kwamba kiwanja cha wazi ni cha mpira na ngoma tu. Watu wasio na mahali pa kukutana bila malipo hukutana kwa ruhusa ya mwenye ukumbi. Bonde hilo limefurika mara nyingi, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 mjini humo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde: kuzuia mafuriko, kujenga daraja jipya la Jangwani, na kutengeneza bustani kubwa ya mji. Ni mpango wenye maana. Lakini bustani ya bondeni hupandwa mahali palipokuwa na nyumba za watu, na kwa hiyo uzuri wake utapimwa, kabla ya maua, kwa fidia iliyowafikia waliohamishwa na kwa mahali walipohamia.

Sasa turudi nyumbani.

Mwambao wetu hauna Forodhani. Hauna ukuta wa bahari wala banda la bendi la Sultani. Lakini ni kosa kusema kwamba hauna mahali pa starehe pa kihistoria. Liuli, ambayo Wajerumani waliita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake, ndiko Waingereza walikoishambulia meli ya Hermann von Wissmann mwezi wa Agosti 1914, mwanzo kabisa wa Vita Kuu ya Kwanza. Huko huko liko Jiwe la Pomonda, linalojulikana na kila mtoto wa pwani ile. Na katika kila kijiji cha mwambao kuna uwanja ambao haukuandikwa katika ramani yoyote, nao ni uwanja wa mganda. Wanaume waliovaa nguo nyeupe na soksi ndefu, ngoma kubwa katikati, vijiji viwili vikishindana tangu mchana hadi jua kuzama. Na upande wa pili wanawake na kioda chao. Ngoma hii ilichukua hatua zake katika gwaride la askari wa kikoloni, watu wetu wakaligeuza kuwa furaha yao wenyewe. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alikuwa akitaka mambo ya namna hiyo yasidharauliwe. Uwanja wa mganda ndio bustani yetu ya jubilei. Tofauti ni kwamba haukuhitaji jubilei ya mtu.

Ufukwe nao una kazi nyingi kuliko anavyodhani mgeni. Asubuhi ni mwalo, mitumbwi ikiingia. Mchana ni mahali pa vichanja, usipa ukianikwa. Jioni watoto huoga na vijana hucheza mpira mchangani. Siku ya sikukuu ni uwanja wa ngoma. Mtu atokaye mjini akiuona saa nane mchana huuita "eneo tupu." Neno hilo "tupu" ndilo la kuogopwa kuliko mengine yote katika barua za maombi ya ardhi. Hakuna ufukwe mtupu. Kuna ufukwe ambao wenyewe wamekwenda shambani.

Na Liparamba je? Liparamba haiko ziwani. Iko ndani, upande wa Mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji, na hakuna mwenye akili atakayeweka bembea ya mtoto katika ukingo wa Ruvuma, maana mamba hawasomi mabango. Lakini watu wa Liparamba wanajua jambo ambalo wa ziwani hawajalijua vema, nalo ni maana ya mpaka uliopimwa. Wanaishi jirani na Pori la Akiba Liparamba. Wanajua kwamba mstari ukisha kuchorwa na serikali na kuwekewa alama, una nguvu: upande huu unalima, upande ule huingii bila kibali. Hatulaumu kutengwa kwa pori. Wanyama ni mali ya taifa na vizazi vijavyo vitawahitaji. Tunachosema ni kwamba tembo amepimiwa mahali pake pa kutembea, na mtoto wa mvuvi hajapimiwa pake. Kama alama za mpaka zaweza kupandwa kwa ajili ya swala, zaweza kupandwa kwa ajili ya watu.

Wala hatuombi sheria mpya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au zile ziwezazo kudhuru hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa la asili au mto. Mita 60 si haba. Ni nafasi ya kuanika samaki, ya kuvuta nyavu, ya kucheza mpira, ya kupanda miti ya kivuli, na ya kupita mwanamke mwenye ndoo kichwani bila kuomba njia kwa mlinzi wa geti. Hali kadhalika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Siyo mwenyekiti peke yake na mhuri wake. Wala siyo watu wanne walioitwa usiku kwa mzee fulani, wakanyweshwa soda na kutia saini. Ni mkutano mkuu, mchana, wenye kumbukumbu zilizoandikwa.

Sheria zote mbili zipo, na katika fukwe nyingi za nchi yetu zimekanyagwa. Watu wa Dar es Salaam wanajua ni sehemu chache namna gani za pwani yao ambazo mtu aweza kuzifikia bila kununua kinywaji. Haikutokea kwa siku moja. Ilianza na ua wa makuti wa kukinga upepo. Ua ukawa ukuta. Ukuta ukapata geti. Geti likapata mlinzi. Na mtoto aliyekuwa akioga pale akaambiwa ni mwizi.

Huenda wako wanachama watakaosema kwamba tunawafukuza wawekezaji. La hasha. Twataka hoteli Mbamba Bay. Twataka wageni waje kuona samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa, ambao dunia nzima inawastaajabia, na walale, wale, na walipe. Mwenye hoteli aliye na akili atajenga nyuma ya mita 60, apande miti mbele yake, na kuacha watu wapite. Mgeni wake hakusafiri siku mbili ili aone ukuta. Yule asiyeweza kufanya biashara mpaka awe ameziba njia ya majini, huyo si mwekezaji wa kumlilia.

Twaongeza jambo moja juu ya bandari. Bandari mpya huleta wapagazi, madereva, mabaharia na wauza chakula, na wengi wao huja bila familia. Mahali pasipo uwanja, wala kivuli, wala choo cha umma, watu hao hupewa kitu kimoja tu cha kujifurahishia, nacho ni pombe, na nyuma ya pombe hufuata maradhi. Kwa hiyo kuwatengea wafanyakazi wa bandari uwanja wa mpira, mahali pa kukaa jioni na meza za mama lishe si hisani. Ni sehemu ya bandari kama ilivyo gati. Kama Forodhani ilianza kuwa forodha ikaja kuwa bustani baada ya miaka mingi, sisi tunayo nafasi ya kuvipanga vyote viwili pamoja, na hatuna udhuru wa kungoja.

Fedha zitoke wapi? Kwanza tuseme kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji fedha nyingi. Kupima, kupanda alama, kupanda miembe na mikungu, kuchimba vyoo na kukubaliana juu ya usafi ni kazi ambazo vijiji vyetu vimezifanya kwa mambo makubwa zaidi; Wamatengo walioichimba milima yao ngoro kwa ngoro, kizazi baada ya kizazi, hawatashindwa na shimo la choo. Ama fedha za matunzo, hizo ni lazima zitafutwe mapema, maana bustani nyingi hufa baada ya kufunguliwa, si kabla. Halmashauri ya Wilaya hutoza ushuru wa samaki mialoni. Ni haki sehemu ya ushuru huo, hata kama ni ndogo, irudi mwaloni ulikotoka: kwa jalala, taa na mshahara wa mfagiaji mmoja. Mvuvi atalipa kwa moyo zaidi ushuru anaouona ukifagia mbele yake.

Kwa mujibu wa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukutana walau mara moja kila miezi mitatu. Katika vijiji vyote vya mwambao, kuanzia mpaka wa Ludewa hadi mpaka wa Msumbiji, twawaomba wanachama wahakikishe kwamba mkutano ujao una ajenda moja ya ziada: kutaja kwa majina mwalo, vichanja, uwanja wa ngoma, mahali pa kuoga watoto na kila njia iendayo majini, na kuviandika vyote katika kumbukumbu, pamoja na vipimo vyake. Mwenyekiti aje na daftari, na vijana waje na kamba ya mita 60.